Lebo

Mita elfu tatu na mia sita. Ukungu
umekaa kitako juu ya paramo, hauna haraka,
na humo ndani wamesimama watawa.
Ndivyo watu wa huku wanavyouita mmea huu, mtawa,
kwa ajili ya joho la majani makavu
ambalo hauvui hata likifa,
na kwa jinsi unavyosimama kwenye baridi
kama aliyepewa zamu ya sala.

Kwa mwaka hurefuka sentimita moja.
Huu ulio mbele yangu umenizidi kimo kwa shibiri.
Ulipochipua, Kolombia ilikuwa bado
inajifunza kutamka jina lake.

Miaka thelathini na moja hajapanda huku mwanabotania.
Kabatini Bogota kuna kielelezo kimoja tu,
alikikusanya mwalimu wangu, marehemu Ofelia,
akakibana ndani ya gazeti lenye matokeo ya mpira.
Lebo yake: *Spishi moja. Tele. Upepo mkali.*
Kisha vita vikaja, mabomu yakapandwa njiani,
mbegu zisizongoja msimu.

Aliyenionyesha pa kukanyaga ni Anselmo Pirabán.
Alikaa huku miaka tisa na bunduki,
na wakati ule alikuwa na jina lingine.
Sikuuliza. Alinibebea mbao za kubania majani,
akatangulia.

Nikamwambia: huu na ule ni mmoja.
Akachekea puani.
"Daktari, wewe hujawahi kulala ndani yao."
Akazamisha mkono kwenye joho hadi kiwiko.
"Ukitandika majani ya huu, unaamka mkavu.
Ule wa bondeni hunywa umande usiku kucha,
alfajiri unakurudishia wote mgongoni.
Huu hungoja mvua ikatike ndipo uchanue,
ule hauna subira.
Hata nyuki wao hawasalimiani."
Kisha, polepole: "Kuna kijana alichanganya.
Alikuwa na homa. Hakuamka."

Nikachuma huu, nikachuma ule.
Vidole vyangu havikuhisi tofauti yoyote.

Miezi minne maabara.
Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka,
na jeni hazibishi; zinaongeza tu:
mpaka siku atakapokuwa kitu kingine,
na siku hiyo haina tarehe.
Milima ilipoinuka, mbegu moja
ilikuta baridi isiyo na mwenyewe.
Ikazaa ukoo mzima kwa muda ambao kwa miamba
ni kama juzi.
Mti wa ukoo niliofundishwa kuuchora ubaoni
haupo: matawi haya yanaachana,
yanarudiana kisirisiri, yanazaa, yanakana.

Kwenye kioo cha kompyuta vidoa vikajigawa
mafungu mawili, kama alivyosema mkono wake.
Karibu vyote.
Saba vilibaki katikati, havikutaka upande.
Kwenye makala nitaviita mahuluti.
Usiku, nikiwa peke yangu, siviiti kitu.

Tukapanda tena kuchukua kielelezo cha jina jipya.
Nikampa penseli, maana wino hukimbia maji,
nikamwonyesha mstari: *Mkusanyaji.*

"Karatasi hii inakwenda wapi?"
Kabatini.
"Anaisoma nani?"
Yeyote anayetafuta mmea.
"Jina langu mara ya mwisho kuandikwa," alisema,
"lilikuwa kwenye orodha, na waliokuwa na orodha ile
hawakuwa wakitafuta mmea."

Akaandika A.
Akasita, penseli hewani,
kama anayesikiliza ni nani kati ya wale wawili
atakayeitika.

Nilishika kona ya gazeti upepo usilichukue.
Sikumharakisha. Tulikuwa tumesimama
katikati ya viumbe ambavyo kwao
sentimita moja ni mwaka mzima.