Mbuzi wa Somoe, Mnero

Bwana mifugo kaja na kichupa,
kaomba mavi ya mbuzi.
Somoe kacheka: "Zoa tu, hayauzwi."

Mbuzi alishinda chini ya mikorosho,
kashiba mabibo yaliyodondoka,
tumbo linanguruma kama mashine ya kukoboa.

"Humo," asema kijana, "mna bakteria
wanaochachua majani yawe maziwa.
Mgongoni mwa bakteria hutua kirusi,
miguu ya buibui,
humdunga, huzaana ndani yake,
humpasua."

"Basi mbuzi wangu anakufa?"

"La. Bila virusi hao
ukoo mmoja ungetawala tumbo zima,
nyasi zingekaa tu humo, mzigo."

Somoe akamgeukia mbuzi:
anacheua, macho nusu.
Vita vyote hivyo,
na kidevuni
hata unywele haujatikisika.