Mguu wa Nani Huo

Mzee Casiano Huarachi, mchimbaji wa bati,
kavunjika nyonga kwenye ngazi za kanisa.
Si mgodini, anasisitiza, andika hivyo, daktari:
miaka thelathini na minane ndani ya mlima
na sikuwahi hata kuteguka kidole.

Naandika. Kisha nasikiliza mapafu yake,
yanakwaruza kama beleshi juu ya changarawe.
Hapa Potosí hewa yenyewe ni ya mgawo
na vumbi la mawe lilishachukua fungu lake.
Nikikulaza kwa nusu kaputi, mzee,
naogopa nusu ya pili itakuja yenyewe.

Binti yake Saturnina alipokatwa kidole tumbo
alipewa dawa nyeupe kama maziwa, mshipani.
Hesabu kutoka kumi, wakamwambia. Akafika saba.
Sita aliikuta wodini, saa mbili baadaye.
Dawa ile haizimi taa za ubongo,
inakata mazungumzo: kila chumba kina watu wake
ila hakuna anayemjibu jirani.
Kwa vipi hasa? Tunajua kiasi.
Kilichobaki tunakifanya kila siku bila kukijua.

Wewe nitakutia ganzi ya kiuno.
Kaa. Inama. Kumbatia mto,
tunisha mgongo kama paka aliyeona mbwa.
Kidole changu kinahesabu pingili,
kinatua kati ya ya tatu na ya nne.
Sindano inapenya, inakazana, mara kitu kinaachia,
nakisikia kwa ncha za vidole, si kwa sikio,
na tone linatokeza, angavu, lisilo na haraka.

Nampa maelezo, maana anayataka:
neva ina vilango, chumvi hupitia humo
ikibeba habari kwenda juu.
Dawa inakaa mlangoni.

Ananyamaza. Kisha: kumbe mmeziba barabara!
Kama sisi ile ya Oruro, mwaka wa mgomo,
kwa mawe na matairi, wiki tatu,
malori yamepanga foleni mpaka upeo wa macho.
Ndiyo, mzee. Hivyo hivyo.

Pamba ya spiriti. Baridi? Baridi.
Hapa? Vuguvugu.
Hapa? Umeshaanza?

Presha inashuka, kama nilivyotarajia;
mishipa nayo imegoma. Naongeza maji,
dawa kidogo, naangalia namba zikirudi.
Juu ya pazia unapita mguu mkononi mwa nesi.
Mguu wa nani huo? Wako.
Anautazama kwa adabu, kama mgeni wa mtu mwingine.
Una kovu kama langu, anasema.

Nyundo inaanza. Haumii, ila anasikia,
kila pigo linamtikisa kifua.
Yule kijana anapiga vibaya, ananinong'oneza.
Mwambie alegeze kiwiko, aiache nyundo ifanye kazi.
Daktari Ayaviri, ana shahada mbili, anasita.
Analegeza kiwiko.
Chuma kinaingia.

Jioni nampitia. Kidole gumba kinacheza,
kivivu, chini ya blanketi la llama.
Jasho linamtoka kwenye mdomo wa juu.
Andika, daktari: saa kumi na moja na robo
barabara imefunguliwa
na malori yote yanapita kwa pamoja.

Naandika. Navuta mofini kwenye bomba.
Ananishika mkono kwanza:
subiri, acha nihakikishe ni wangu.