Msingi Haupigwi Picha

Hrachik alikuwa mwashi, na mwashi hacheki na msingi.
Alichimba pima moja na nusu katika udongo wa Gyumri,
akapanga jiwe jeusi la volkano, moja baada ya moja,
timazi ikining'inia mkononi mwake kama mtu anayefikiri.
Mama yangu alipiga picha mlango, madirisha, roshani.
"Piga na huku chini," akasema mchumba wangu.
Wakamcheka. Msingi haupigwi picha.

Tulifunga ndoa usiku, mlango wa kanisa umekomewa,
maana zama zile serikali ilihesabu waliopiga magoti.
Padri alitufunga uzi mwekundu na wa kijani,
msimamizi wetu Mkrtich akashika msalaba juu ya vichwa vyetu
mpaka mkono ukamtetemeka.
Divai ilikuwa imechacha. Kikombe kimoja, watu wawili.
Mimi nilikunja uso, Hrachik akaimaliza.

Nyumba ilisimama miezi kumi na minne.
Asubuhi moja ya Desemba ardhi ilijitikisa kama farasi afukuzaye nzi,
na pima moja na nusu haikusaidia kitu.
Shoghik alikuwa na siku arobaini na mbili.
Sitaandika zaidi ya hapo.

Walitupa kontena la bati. La muda, walisema.
Muda ni neno refu: lilichukua miaka ishirini na sita.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema watu;
sisi hatukuwa na ufa wala ukuta, tulikuwa na bati,
na barafu ikimea ndani, juu ya vichwa vya misumari.
Tulilala na makoti, migongo imegusana,
kila mmoja akimlaumu mtu kimoyomoyo:
yeye kwa kuwa alijenga,
mimi kwa kuwa nilitoka kununua mkate.

Aliendelea kusali. Hilo ndilo lililoniudhi.
Alipiga magoti kando ya jiko la kuni
akampa Mungu habari za siku, kama anayeripoti kwa fundi mkuu:
saruji imepanda bei, Nvard hasemi nami, tunashukuru kwa viazi.
Tunashukuru! Nilimrushia kijiko.
Kisha usiku mmoja nikapiga magoti mimi nami,
makusudi, nimgombeze Huyo asiyejibu.
Niligomba mpaka sauti ikakauka.
Nilipofumbua macho Hrachik alikuwa ubavuni,
anaitikia amina kwa kila tusi.

Akaenda Urusi kujengea wengine,
Machi hadi Novemba, mwaka baada ya mwaka.
Majirani walihesabu waume wasiorudi
wakanitazama kama sufuria inayokaribia kuchemka.

Sasa tu wazee, Hrachik, nikwambie:
sikukuamini. Wewe ni mwanamume, na Urusi ni kubwa.
Nilimwamini Yule aliyeshika ncha ya pili ya uzi.
Nilimwambia, Wewe unaona hadi huko;
mimi naona hadi kituo cha treni.
Na ulikiri mwenyewe, mwaka ule wa kiatu kilichochanika,
kwamba palikuwa na mlango, na taa, na wewe umesimama mbele yake.
"Sikukufikiria wewe," ulisema. "Samahani.
Nilifikiri, jioni nikipiga magoti, nitaripoti nini?"
Nililia siku tatu, siku ya nne nikacheka.
Hakuna mke aliyewahi kupewa sifa ndogo kama hiyo,
wala usalama mkubwa kama huo.

Leo wametupa funguo, ghorofa ya tatu.
Hrachik anapitisha kiganja ukutani, anagonga kwa kifundo,
anasikiliza, anagonga tena.
"Wameiba saruji."
"Utalala?"
"Nitalala."

Vitanda havijafika. Ninatandika makoti sakafuni.
Yeye anatoa mfukoni ule uzi wa harusi,
umefifia, sijui tena upi ulikuwa mwekundu,
anaufunga kwenye funguo, anauning'iniza juu ya msumari,
anafumba jicho moja.
Ukuta umepinda, upana wa kidole.

Anapiga magoti, kuripoti.