Dakika Tatu kwa Kila Msemaji

Concord, New Hampshire. Januari.
Ukumbini buti zinatiririka maji sakafuni.
Muswada wenyewe ni mfupi kuliko foleni ya wanaoupinga:
nyumba yenye mtoto, bunduki ifungwe kwa kufuli.
Kila mtu dakika tatu. Taa ya kijani, ya njano, nyekundu.
Mimi ni mkalimani. Nalipwa kwa saa, sina upande.

Anaanza Wendell Thibodeau, kofia kifuani.
"Haki yangu," anasema,
nami namnong'oneza Mama Nsimire: haki yake.
Bunduki ni ya babu, iliyowalisha kulungu
mwaka ule kiwanda cha karatasi kilipofungwa.
Polisi wa karibu yuko mwendo wa dakika arobaini,
barabara ikiwa kavu.
Na usiku ule bintiye Colleen alipogongewa mlango
na mume aliyekatazwa na mahakama asimkaribie,
kilichomrudisha bwana yule garini
haikuwa karatasi ya hakimu.
"Huyo atanisubiri nitafute ufunguo?"
Ukumbi unacheka. Nami nacheka, kisha natafsiri,
na kwa Kiswahili haichekeshi.

Rhonda Pickering hakuleta hotuba.
Ameleta soksi. Ya kijivu, ya mtu mzima, moja.
Ndimo ilimokuwa, anasema, kwa jirani, droo ya pili,
na mwanawe alikwenda pale kucheza tu,
miaka tisa, jino moja likilegea.
Anachokidai anakiita kwa neno jingine kabisa,
neno lao la mizani na mahakama,
nami nanong'ona lile lile: haki,
kwa kuwa lugha yangu haikunipa mawili.

Mama Nsimire ananivuta mkono wa koti.
"We mkalimani, haki ni ya nani?
Ya mzee ao ya mama? Mbona umewapa wote moja?"
Nataka kumwambia kwetu hata kiapo ni haki,
haki ya Mungu,
lakini wameshaliita jina lake, na wamelikosea.

Waliomwalika walitaka alie.
Ametoka Walungu, anazijua bunduki,
wakadhani wanajua atakalosema.
Akasimama, kitenge juu ya koti la theluji.

"Walikuja usiku. Wao bunduki, sisi jembe.
Basi huyu mzee namusikia."
Makofi upande wa kushoto.
"Aliyeishika alikuwa mtoto.
Alikuwa anaiburuta chini
kama mbuzi asiyetaka kwenda soko.
Basi na huyu mama namusikia."
Makofi hayakujua yaende wapi.
"Tunasema, mtoto akililia wembe, mpe.
Na mimi nilikuwa nasema hivyo.
Sasa nauliza: wembe ulikuwa umewekwa wapi
hata mtoto akauona?"

Hapo nikakwama. Wembe, mtoto, kilio.
Nilipoanza kuwafungulia methali, taa ikageuka njano;
nusu ya dakika zake ulimi wangu ulikuwa umezila.
Nyekundu.
"Asante, bibi," akasema mwenyekiti,
na swali likabaki upande wetu wa lugha.

Nje, gari la Mama Nsimire likagoma.
Akaja Thibodeau na waya za betri, hakuombwa.
Nyuma ya kiti cha pikapu yake
bunduki imelala kwenye vishikizo vyake.
"Muulize kama iko na risasi."

Nikauliza. Nilitegemea akasirike.
Akaitoa, mtutu akauelekeza kwenye theluji,
akavuta komeo, akamulika kwa simu.
Mama Nsimire akainama, akachungulia mle ndani
kama anayetazama koo la mtoto mwenye homa.
Akachukua muda wake wote.

"Haina kitu," akasema.
Akamtazama mzee usoni.
"Leo."

Injini ikawaka kabla sijaitafsiri.