Robo ya Sukari

Sisimizi walijua kabla ya hospitali.
Walijipanga chooni, mstari mweusi wenye heshima,
nami nikawamwagia majivu, nikaenda kufungua duka.

Jumanne wakanitoboa kidole.
Tone moja, dogo kuliko punje ya mtama.
Kile kimashine kikawaza kidogo, kikasema:
kumi na saba nukta nne.
Nikadhani ni bei.
Sista Speciosa akacheka, kisha akaacha kucheka.

Mimi nauza sukari.
Mwaka wa kumi na tisa huu, hapa Mabatini,
chini ya jabali lililoegemea kilima kama mtu aliyechoka kusimama.
Kilo, nusu, robo, ya mia mbili kwenye pembe ya gazeti.
Watu wa vipimo huja kila mwaka,
huikagua mizani yangu, huigonga muhuri.
Mwili sikuwahi kuupeleka kugongwa muhuri popote.
Na kila nikimaliza kupima, nalamba kidole.
Hiyo sikuiandika kwenye faida.

Wakanipa karatasi yenye picha za rangi:
tufaha, mkate mweusi, kipande cha samaki wa waridi
ambaye ziwa letu halijawahi kumwona.
Nikaikunja, nikaitia kwenye daftari la madeni,
ukurasa wa Lugembe, ambaye naye halipi.

Usiku nikahesabu droo: elfu nne na mia tano.
Humo mna ugali wa watu watano, mna mkaa,
mna daftari la Sayi la hesabu,
na sasa mna huyu mgeni
aliyeingia bila hodi, wala haonyeshi dalili ya kuaga.

Asubuhi nikashuka na karatasi yangu mpaka Mwaloni.
Nilimwonyesha muuza dagaa yule samaki wa waridi.
Akasema, "Huyo ni mgonjwa." Akanipimia kisado,
akaongeza konzi moja, kwa pole.
Mapanki nayo nimeyarudia, yale tuliyokula kwa aibu,
mlango umefungwa, mwaka ule duka lilipoibiwa:
mgongo na kichwa cha sangara, minofu imeshapanda ndege.
Siku hizi nayachemsha mlango wazi,
kwa nyanya, ndimu, na mlenda pembeni.
Nikiulizwa, najibu: nimeandikiwa na daktari.

Ila mama yangu, kule Misungwi.
Alituma kiroba cha michembe kwa basi,
nikampigia kumwambia naruhusiwa vipande vinne.
Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.
"Watoto hawahesabiwi," akasema. "Ng'ombe hawahesabiwi.
Michembe itahesabiwaje?"
Sikuwa na jibu. Nilikula vitano siku hiyo,
cha tano kwa ajili yake.

Ugali usizidi ngumi yako, alisema sista.
Nikaitazama ngumi yangu.
Haijawahi kumpiga mtu, labda ndiyo maana haikukua.
Laiti ningezaliwa na mikono ya mpakia magunia!
Sayi naye akakunja ya kwake, akaiweka kando ya tonge,
akauliza kwa hofu, "Na mimi?"
Tukacheka wote, hata baba yake,
kisha kila mtu akala haraka, macho chini.

Jioni napanda ngazi za mawe hadi kwa Bi Nyanzobe
kuchuma majani ya maboga. Napanda, nashuka, napanda tena.
Kilima hakina kiingilio.
Kutoka juu ziwa linaonekana tambarare,
kama sahani kubwa ambayo hakuna aliyeigawa mafungu.
Nahema. Miguu inawaka. Nashuka.

Jana mtoto wa jirani alikuja na sarafu zake za jasho.
"Robo, mama."
Nikamimina mpaka mshale ukatulia palepale.
Nikamfungia. Akaenda.
Chembe zikabaki kwenye kidole, zinameta,
na kidole, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa,
kikaanza safari yake.
Kilifika kidevuni.
Nikakipangusa kwenye kanga.

Leo alfajiri nimeikuta kanga kwenye kamba,
na sisimizi wamerudi, mstari uleule, heshima ileile.
Majivu yalikuwa karibu.
Nikawaacha.
Nyumba hii na iwe na mmoja
anayekula bila kupimiwa.