Mlima wa Ojola

Kwenye tambarare ya Kisian halikusema kitu.
Lilipita kimya, trei tupu zikicheza nyuma,
likanidanganya kwamba jana niliota.
Ila Ojola, mlima ulipoinua kidevu
nami nikakanyaga mafuta,
likaanza:
gu-gu-gu-gu, kisha ng'aaa,
kama mtu anayeburuta sufuria kubwa ya matanga
juu ya sakafu ya saruji.
Nikiachia mguu, linanyamaza.
Nikikanyaga, linanitukana.

Fundi wa kwanza, Kibuye, hakufungua boneti.
Aliegemea mlango, macho kwenye simu,
akasema, "Mama, hiyo ni gia boksi. Elfu arobaini."
Nikapiga hesabu kwa mayai:
trei mia moja na tano,
kuku wangu wote wa Luanda watage hadi Pasaka
nami nisionje hata jicho la yai.
Wa pili alilala chini kweli, namsifu kwa hilo,
akaona silensa ina kutu, akaichomelea.
Mia nane. Cheche nzuri.
Likatulia
hadi Ojola.

Shemeji yangu Anzetse, asiyemiliki hata baiskeli,
alisema ni plagi. Alisema kwa uhakika sana.
Nami nikavumbua uganga wangu:
kuongeza redio mlima ukikaribia.

Ndipo Maseno, nyuma ya mashine ya kusaga,
nikampata Ogweno.
Sikio lake la kulia lilikufa zamani, kwa grenda;
la kushoto linabagua.
Nikamwigizia ile sauti, gu-gu-gu, ng'aaa,
nimesimama katikati ya wateja wa unga,
mimi, mama wa watoto wanne.
Hakucheka. Aliuliza tu:
"Linalia lini?"

Lini. Hakuna aliyekuwa ameniuliza lini.
Likipanda. Likibeba. Nikilidai nguvu.
"Na likisimama?"
Kimya.
"Ukirudi nyuma?"
Hapo nikakumbuka teke moja,
du, chini ya nyayo, kama la mtoto tumboni.

Akafungua boneti,
akamketisha binti yangu Ayuma kwenye usukani.
"Shika breki kwa mguu wote. Tia gia.
Sasa lipe mafuta. Kidogo. Kidogo."
Halafu hakusikiliza. Alitazama.

Injini ikainuka.
Ikainuka upande mmoja, kama mgonjwa
anayetaka kushuka kitandani aende zake,
na bomba la moshi likagonga chesisi,
gu-gu-gu-gu.
Ayuma akaachia. Ikalala.
Ogweno akanishika mkono, akauweka juu ya chuma:
"Sikia."
Nikasikia kwa kiganja.
"Injini ni nzima, mama.
Kilichokufa ni kinachoishika."

Jeki, gogo la mkaratusi, spana ya kumi na saba.
Bolti moja ilikataa, ikanyweshwa dizeli,
tukanywa chai tukiisubiri ilainike.
Kisha akanitolea: raba,
haizidi nusu ya mandazi,
imepasuka, imekauka, nyeusi kama ulimi wa jiko.
Miaka kumi na miwili ilikaa gizani
kati ya chuma kinachotetemeka
na chuma kisichotaka kutetemeka,
ikimeza kila mtikiso,
na haikupiga kelele hata siku moja.
Ile tuliyoisikia haikuwa yake.
Ilikuwa ya waliobaki, wakigongana.

Elfu mbili na mia tatu, raba mpya na kazi.
Nikadai ile ya zamani. Ogweno akashangaa,
akaipangusa kwa suruali yake, akanipa.

Kesho yake, mayai yakiwa yameuzwa,
tukapita Kisian. Ojola ikainua kidevu.
Mkono wangu ulikwisha kwenda kwenye redio;
nikaurudisha.
Nikakanyaga.
Gari likapanda kama mtu aliyelala vizuri.
Trei tu, trei tupu, na upepo.
Tulipokaribia Lela, Ayuma akainamisha kichwa:
"Mama, unasikia hiyo?"

Kioo cha nyuma, upande wa kushoto.
Tiki, tiki, tiki.
Sijui kimekuwa kikilia tangu lini.