Mita Kumi za Bafta

Kosta ilikata pumzi juu ya Mombo, kona ya tisa;
najua kwa kuwa nilikuwa nazihesabu, roho mkononi.
Kwanza harufu, kama pasi iliyosahauliwa juu ya tetroni,
kisha Mbaruku akasema, "Klachi,"
neno moja tu, akazima injini,
na tukausikia mto ambao hatukujua kama upo.

Tulikuwa kumi na wanane,
mafundi cherehani wa Barabara ya Kumi na Tatu,
vibaraza tumevifunga tangu alfajiri,
tunakwenda Mponde kumzika mama yake Sauda Shekiondo.
Maziko baada ya Adhuhuri.
Na sanda tunayo sisi.

Tulijitakia. Usiku ule simuni
tulisema kwa sauti ya watu wa mjini:
msihangaike na vitambaa vya huko,
bafta tunaleta, mita kumi, halisi.
Sasa Bibi Mwantumu kaipakata mapajani
ndani ya mfuko wa sandarusi,
kila akipumua mfuko unachakarika,
nasi tunatazama pembeni.

Hizza, utingo, akaweka mawe nyuma ya magurudumu,
akadandia bodaboda kuteremka Korogwe kutafuta kipuri.
"Saa moja," alisema.
Utingo akisema saa moja, muulize ya asubuhi au ya usiku.

Ukungu ukashuka, ukapanda, ukaghairi.
Watoto wakaja na plamsi kwenye sado,
tukanunua ili tuwe na la kufanya.
Mzee Kilua akapima kwa futi yake ya shingoni
upana wa barabara kutoka tairi hadi korongoni:
inchi thelathini na moja.
Akapima tena. Thelathini na moja.
Tukacheka, Mungu atusamehe,
tukacheka mpaka Mwanshaba akajishika mbavu,
midomo yetu myekundu kwa plamsi
kama watu waliotoka harusini.

Mtandao ulikuwa mahali pamoja tu,
juu ya kingo ya zege, mguu mmoja hewani.
Niliposimama pale, simu ikaita yenyewe.
"Mama hawezi kungoja," alisema Sauda.
"Kaka kashapata kitambaa Soni.
Msije mkakimbiza gari."
Nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo tena.
Nilishuka nikakuta nyuso zote zimeinuliwa kwangu
na sikuwa na haja ya kutafsiri.

Basi. Watu wa Tanga tumekosa maziko,
yamebaki matanga.
Tulitandaza kanga kando ya lami, tukaswali,
tukarudi kukaa kila mtu kiti chake kilekile
ingawa gari haliendi popote.

Jua lilikuwa limeshachungulia nyuma ya mlima
lori la kabichi liliposhuka kwa gia nzito, likasimama.
Akateremka mwanamke, ndoo ya makande kichwani,
mfuniko umefungwa kwa leso.
Sauda.
Udongo ungali kwenye ndara zake.

"Poleni," akasema.

Sisi! Sisi tuliolibeba neno hilo tangu Muheza,
tukiligeuza mdomoni lisije likatoka vibaya,
katunyang'anya, katupa sisi.
Akapakua kwa kifuniko cha chupa ya chai,
sahani zilikuwa nne tu, tukapokezana,
na Mbaruku, uvunguni mwa gari, akatengewa la kwake.

Bibi Mwantumu hakula.
Alitoa bafta kwenye mfuko, akaishika tu,
hajui aitoe au aifiche.
Sauda akaivuta ncha, akaisugua
kati ya kidole gumba na cha shahada,
kama anavyosugua vitambaa vya wateja
miaka kumi na moja, cherehani yake mkabala na yangu.

"Nzito hii. Mita mliuziwa ngapi?"

Hakuna aliyejibu. Mto uliongea peke yake.
Kisha Bibi akataja bei, kwa sauti ndogo.

"Wamewapiga," akasema Sauda,
ncha ya kitambaa bado vidoleni.
Na hapo ndipo alipoanza kulia.